Mwenye Yadi na Kiwanda Kilichofilisika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Juni 2009, General Motors (GM), kampuni kubwa ya magari ya Marekani, ilipokimbilia mahakamani kujikinga na wadai wake, waandishi wa habari wa miji midogo ya Marekani walijua pa kwenda: kwa mwenye yadi ya kuuzia magari yake. Yadi ya familia, babu aliianzisha, baba akairithi, mtoto yupo kwenye meza ya mauzo. Na mwenye yadi, mara nyingi, aliwajibu kwamba hana wasiwasi, kampuni itatoka humo ikiwa na afya kuliko ilivyoingia. Anayesoma habari zile leo hubaki na swali moja kichwani, hata akiliuliza kwa njia kumi: mzee yule alikuwa anaona kitu ambacho wengine hawakukiona, au alikuwa anajikaza tu?

Nini hasa kilitokea?

Tarehe 1 Juni 2009 GM ilifungua shauri la ufilisi mjini New York, chini ya Sura ya 11 ya sheria ya Marekani. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekula hasara ya dola bilioni 30.9, na Toyota ilikuwa imeipita kwa idadi ya magari yaliyouzwa duniani, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka sabini. Siku 40 baadaye, tarehe 10 Julai, ilizaliwa kampuni mpya iliyonunua kutoka kwa ile ya zamani kila kilichofaa: viwanda vizima, majina manne ya magari, mikataba ya mawakala (ndio hao wenye yadi) waliotakiwa. Sehemu kubwa ya madeni, viwanda vilivyofungwa na kesi chungu nzima vilibaki kwenye gamba la zamani, nalo likapewa jina la Motors Liquidation Company.

Wizara ya Fedha ya Marekani ilitia takriban dola bilioni 49.5 na kupata asilimia 60.8 ya hisa. Kanada na jimbo lake la Ontario walipata 11.7, mfuko wa matibabu ya wastaafu wa chama cha wafanyakazi cha UAW 17.5, na waliokuwa na hatifungani za kampuni 10. Wenye hisa wa zamani waliondoka mikono mitupu. Chrysler ilikuwa imetangulia njia hiyo hiyo tarehe 30 Aprili na kuishia kwa Fiat.

Kufilisika si ndiyo kufunga?

Mtaani kwetu, ndiyo. Tukisema fulani kafilisika tunamaanisha kabati limeshabebwa. Sura ya 11 si hivyo: wadai wanazuiwa mlangoni, jaji anasimamia, biashara inaendelea. Asubuhi ya tarehe 1 Juni yadi zilifunguliwa saa ile ile ya kila siku, na gari lililokuwa juu ya jeki gereji lilimaliziwa. Inayobeba mpaka kabati ni Sura ya 7, na mwenye yadi aliyelala vizuri usiku ule alilala kwa sababu alijua tofauti ya hizo mbili. Wateja wake wengi hawakuijua, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Wakala si mfanyakazi wa GM?

Hapana, na ukiikosa hii utakosa yote yanayofuata. Wakala wa magari Marekani ni mfanyabiashara anayejitegemea, mwenye mkataba na kiwanda. Katika majimbo mengi sheria haimruhusu mtengenezaji mwenye mawakala kumuuzia mteja moja kwa moja, kwa hiyo magari mapya ya viwanda kama GM hupita kwa wakala, na wakala huyanunua. Halimbikiziwi pale barazani kwa mali kauli. Gari likitoka kiwandani tayari limehesabiwa kuwa ni lake, na kwa kawaida amelilipia kwa mkopo. Kila siku gari linapokaa yadini bila mteja, riba inatembea. Ukiona magari mia mbili yamepangwa yakimeremeta kando ya barabara kuu, unachokitazama ni deni limepakwa nta.

Kiwanja ni chake au amekodi kwa miaka mingi. Jengo, mashine za gereji, vifaa maalumu vya modeli za kiwanda kile, bango kubwa la nje, vyote vimetoka mfukoni mwake. Wanaomdhania tajiri wa kuuza magari mapya pia wanakosea, kwa sababu kwenye gari jipya faida huwa nyembamba. Mshahara wa watu unatoka gereji, kwenye spea, kwenye magari yaliyotumika, na kwenye kamisheni ya kumpangia mteja mkopo. Ndiyo maana mwenye yadi anaweza kuuza magari machache mwaka mzima na bado akasimama, ilimradi yale aliyouza miaka iliyopita yanarudi kwake kumwaga oili.

Kwa nini biashara hizi huwa za familia?

Mkataba humtaja mtu kwa jina, na kumrithisha mtoto kunahitaji kiwanda kikubali, ingawa sheria za majimbo huilinda familia kidogo hapo. Mtaji wake mkubwa umefukiwa ardhini, si rahisi kuugawa. Halafu ni miji midogo: mtu ananunua gari kwa yule aliyemuuzia baba yake, na fulana za timu ya watoto zina jina la yadi mgongoni.

Basi kama kiwanda kinayumba, kwa nini asihamie Toyota?

Swali hili huulizwa na watu waliozoea biashara ambayo ukichoka kuuza mchele unauza sukari. Uwakala wa Toyota hauokotwi. Ulikuwa na idadi yake, kila mwenye nao ana eneo lake, na sheria zile zile zinazomlinda mwenye GM dhidi ya mgeni zinamlinda mwenye Toyota dhidi ya mwenye GM. Na mwaka 2009 hakuna benki iliyokuwa na hamu ya kumkopesha mtu ajenge yadi mpya. Jengo la kuuzia magari nalo halifai kwa kitu kingine, labda ibada za Jumapili. Mtu huyu hakuwa na pa kuhamia, na tumaini la mtu asiye na pa kuhamia halifanani na la mnunuzi wa hisa anayeweza kuuza kesho asubuhi.

Mawakala wangapi walikatwa?

Chrysler ilikuwa na mawakala takriban 3,200. Tarehe 14 Mei 2009 iliwataja 789 wa kuondoka, na ikawapa mpaka tarehe 9 Juni. Chini ya wiki nne kumaliza biashara ya vizazi viwili au vitatu, huku magari yamejaa uwanjani. Siku iliyofuata GM ilituma barua kwa mawakala wake wapatao 1,100 kuwaarifu kwamba mikataba yao ikiisha Oktoba 2010 haitaongezwa, na lengo lake lilikuwa kushuka kutoka mawakala takriban 6,000 hadi karibu 3,600. GM ilikuwa na upole kidogo kwa upande wa muda. Ila barua ni barua, na aliyeipokea akiwa na mke na watoto ofisini hakuanza kulinganisha upole.

Kiwanda kinafaidikaje kupunguza wauzaji? Si wengi ndiyo wanauza zaidi?

Hoja ya GM ilikuwa hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya magari yaliyouzwa Marekani yalikuwa yake, na mtandao wa mawakala ulijengwa kwa soko la wakati ule. Kufikia 2008 sehemu yake ilikuwa karibu asilimia 22, lakini yadi zilibaki kila kona. Mwaka ule iliuza Marekani magari yasiyofika milioni 3 kupitia mawakala takriban 6,000, wakati Toyota, yenye mawakala wachache zaidi kwa mbali, iliuza kama milioni 2.2. Kwa wastani wakala wa Toyota aliuza takriban mara tatu ya mwenzake wa GM. Mwenye mauzo hayo anaweza kupaka rangi jengo, kuajiri fundi mzuri, kuweka kahawa nzuri. Mawakala wawili wa Chevrolet waliotenganishwa na dakika kumi za barabara hufanya nini? Wanakatana bei. Mteja anatoka kwa huyu na karatasi ya bei anaipeleka kwa yule, na gari linauzwa bila faida, mwishowe jina la gari lenyewe linashuka thamani.

Waliokatwa walikuwa na jibu zuri. Walisema: sisi tunanunua magari yenu, kiwanja chetu, mkopo wetu, mishahara yetu, nyinyi tunawagharimu nini? Julai 2010 mkaguzi maalumu wa fedha za uokoaji, Neil Barofsky, alitoa ripoti iliyosema haikuonyeshwa kwamba kufunga yadi kwa haraka vile kulihitajika ili kampuni zipone, na kwamba Wizara ya Fedha haikuzipima vya kutosha ajira zitakazopotea. Mimi naona GM ilikuwa sahihi kuhusu idadi na ilikosea kuhusu haraka. Yadi dhaifu zingekufa zenyewe kwa miaka kadhaa, kama zilivyokuwa zikifa tangu zamani. Kilichowauma watu kilikuwa kuchaguliwa na mtu aliye Detroit, makao makuu ya GM, akiwa na jedwali, huku wanaona jirani mwenye mauzo yaleyale amebaki.

Yule aliyebaki alitumaini nini hasa?

Kwanza niseme neno ambalo yeye hakulisema kwa waandishi: kufa kufaana. Yadi ya jirani ikifungwa, wateja wake hawaachi kuendesha. Magari waliyonunua kule yana waranti, yanahitaji spea na fundi aliyeidhinishwa, na fundi wa karibu sasa ni wewe. Kabla hujauza gari jipya hata moja zaidi, gereji yako imeshajaa. Katika mji wenye Chevrolet mbili, kubaki moja kulikuwa na thamani kuliko tangazo lolote la televisheni. Simlaumu. Lakini ukisikia mzee anasema "kampuni sasa itakuwa nyepesi, yenye nguvu", kumbuka kwamba ndani ya wepesi huo yumo mtu aliyekuwa akikaa naye meza moja kwenye mikutano ya mawakala.

Pili, gharama. Kwa miaka mingi kila gari la GM lilibeba mgongoni matibabu ya wastaafu wa kampuni, mzigo ambao Toyota na Honda katika viwanda vyao vya Marekani hawakuwa nao kwa kiasi kile. Mzigo huo ulihamishiwa kwenye mfuko wa chama cha wafanyakazi, kwa kulipwa hisa badala ya sehemu ya fedha. Mwenye yadi alikuwa amelalamika miaka nenda rudi kwamba gari lake lina plastiki ya bei rahisi ndani wakati la mshindani kwa bei hiyo hiyo lina kitambaa kizuri. Alijua fedha za kitambaa zilikwenda wapi.

Tatu, majina ya magari. GM ilibaki na Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC. Pontiac, Saturn, Hummer na Saab ziliachwa au ziliuzwa. Kwa aliyekuwa na Chevrolet hiyo ilimaanisha fedha za kubuni magari hazitagawanywa tena kwa majina manane. Kwa aliyekuwa na Pontiac peke yake ilikuwa habari nyingine kabisa.

Serikali ilimsaidia moja kwa moja?

Kwa kiasi. Machi 2009 serikali ilitangaza kwamba itasimama nyuma ya waranti za GM na Chrysler, na hapo wateja wakashusha pumzi. Kisha, kuanzia mwisho wa Julai, ukaja mpango wa kununua magari chakavu: leta gari la zamani linalokunywa mafuta, upate punguzo la dola 3,500 au 4,500 kwenye jipya. Zilitengwa dola bilioni 3 na zikaisha ndani ya mwezi mmoja, kwa magari karibu 680,000. Wakala ndiye aliyetoa punguzo kwanza na kuidai serikali baadaye, na wengi walilalamika kwamba malipo yanachelewa. Yeye pia ndiye aliyeua injini: fundi alimwaga oili, akatia kemikali ya silika, akaiwasha mpaka ikanata. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wangelia machozi. Na gari lililoongoza kununuliwa kwa fedha hizo za walipa kodi wa Marekani lilikuwa Toyota Corolla.

Si alikuwa anasema hivyo kwa sababu ana magari ya kuuza?

Bila shaka. Nani anunue gari la kampuni ambayo muuzaji mwenyewe anasema itakufa? Gari hununuliwa kwa miaka saba au kumi ijayo: spea zitapatikana? Nikitaka kuliuza nitapata kitu? Mwenye yadi akisema kwenye gazeti kwamba ana hofu, hofu hiyo inakuwa kweli ifikapo Jumamosi, maana siku hiyo hakuna atakayekuja. Kwa hiyo maneno yake yaweke kando, mtazame anafanya nini. Aliagiza magari ya msimu ujao au alipunguza? Alimwajiri tena fundi aliyemwachisha kazi? Alimwacha mtoto aingie kwenye biashara, au alimwambia aendelee na chuo?

Kulikuwa na kipimo kingine, na hiki kilitoka kwa GM yenyewe. Waliobakizwa walitakiwa kusaini mkataba wa nyongeza ndani ya siku chache za Juni: kuagiza magari zaidi, kuuza zaidi, kukarabati majengo, kuondoa chapa za washindani kwenye ukumbi wa GM. Karibu wote walisaini. Unaweza kuliita tumaini. Unaweza pia kusema mtu aliyeshikiwa kalamu na anayejua waliokataliwa wanapata barua gani hasomi masharti kwa utulivu.

Waliokatwa walikubali tu?

Hawakukubali. Tarehe 3 Juni 2009 walikuwa kwenye Seneti wakitoa ushahidi. Wakala wa magari ni mtu mzito katika jimbo lake, anajulikana na mbunge wake kwa jina, na nchi nzima karibu hakuna wilaya ya uchaguzi isiyo naye. Desemba mwaka ule ikapita sheria iliyowapa haki ya kwenda kwa msuluhishi asiye wa kampuni. Machi 2010, kabla kesi nyingi hazijasikilizwa, GM ilitangaza kuwapa nafasi ya kurudi mawakala 661. Wapo waliorudi. Wapo ambao kufikia hapo walikuwa wameshauza jeki na kompresa, mafundi wameshapata kazi mahali pengine, na karatasi ya kurudi haikuwa na faida.

Je, kuna waliotumaini wakaumia?

Mawakala wa Saturn. Saturn ilizaliwa kama jaribio la GM la kufanya mambo kwa namna nyingine, gari lake la kwanza likitoka kiwandani Spring Hill, Tennessee, mwaka 1990. Bei yake haikuwa na maneno: iliyoandikwa ndiyo hiyo. Wateja waliipenda, na mawakala wake walikuwa na mapenzi ya aina yake. Juni 2009 tajiri wa magari Roger Penske alikubali kuinunua. Mpango ulikuwa GM imtengenezee magari kwa muda, kisha atafute mtengenezaji mwingine. Miezi karibu minne yadi takriban 350 zilisubiri, zikilipa mishahara na riba, kwa sababu mnunuzi alikuwa mtu makini na kila dalili ilikuwa nzuri. Tarehe 30 Septemba mtengenezaji aliyetarajiwa alijitoa, Penske akajitoa, na GM ikatangaza siku hiyo hiyo kwamba Saturn inafungwa.

Aliyepata barua Mei alianza kuuza vitu Mei. Wa Saturn alikaa na tumaini mpaka mwisho wa Septemba, na lilikuwa tumaini la gharama.

Mwishowe mzee wa Chevrolet alikuwa sahihi?

Kwa hesabu, ndiyo. Soko la Marekani lilikuwa limeanguka hadi magari milioni 10.4 mwaka 2009. Mwaka 2015 liliuza milioni 17.5. Novemba 2010 hisa za GM zilirudi sokoni kwa dola 33 kila moja, na kwa mwaka 2011 wenye hisa walihesabiwa faida ya dola bilioni 7.6. Serikali iliuza hisa zake za mwisho Desemba 2013 ikiwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10, na kama hiyo ni bei ya haki inategemea unazihesabu vipi ajira zilizookolewa. Aliyebaki na yadi mwaka 2009 alikuwa amesimama mahali pazuri kuliko alivyojua.

Lakini kampuni mpya ilikuja na uchafu wa zamani. Mwaka 2014 GM iliyarudisha magari madogo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia iliyoweza kujizima gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa isifunguke. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Magari yale yalitengenezwa na kampuni ya kabla ya ufilisi, na GM mpya ilijaribu kusema madai ya zamani yalibaki kwenye gamba; mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilikataa kuiruhusu ijifiche hapo. Miongoni mwa magari yaliyorudishwa zilikuwamo Saturn Ion na Pontiac G5, ambazo hazikuwa na yadi tena. Waliobadilisha swichi zake walikuwa mafundi wa yadi zilizobaki, na aliyemtazama mteja machoni ni mzee yule yule aliyesema kampuni imepona.

Huku Afrika Mashariki iligusa nini?

Kidogo sana. General Motors East Africa ya Nairobi, iliyokuwa ikiunganisha malori na basi za Isuzu, haikuwemo kwenye shauri la New York. GM ilitoka baadaye, mwaka 2017, ilipowauzia Isuzu asilimia 57.7 yake na kampuni ikawa Isuzu East Africa.

Leo Nissan inajipanga upya. Mawakala wake waaminiwe wakisema mambo yatakuwa mazuri?

Mei 2025 Nissan ilitangaza kupunguza watu 20,000 na kushusha viwanda vyake kutoka 17 hadi 10, baada ya hasara ya yeni bilioni 670.9. Hapo hakuna mahakama wala kufutwa kwa madeni, kwa hiyo usiinakili GM moja kwa moja. Ningemuuliza wakala wa Nissan maswali mawili tu: modeli gani mpya inakuja, mwezi gani, na je, jirani yako anafunga?

Nikikuta Pontiac inauzwa, spea nitapata?

Inategemea ipi. Pontiac Vibe ni ndugu wa Toyota Matrix, ilitengenezwa Fremont, California, katika kiwanda cha ubia cha GM na Toyota, ambacho GM ilijitoa mwaka ule ule wa 2009 na sasa ni cha Tesla. Vibe hiyo hiyo iliuzwa Japani kwa jina la Toyota Voltz, usukani kulia, na baadhi zikavuka bahari mpaka kwetu. Ukiiona, fungua boneti. Zipo zenye injini ya 1ZZ, ile ile ya Corolla na Wish, na fundi wako ameshaishusha mara nyingi.